Nyaya zinazolegea: tazama bawa la nje kwanza

Kaka, umesema ndege yako ndogo ya mfano, ya mota ya umeme, unayoirusha ikikuzunguka kwa nyaya ulizoshika kwenye mshikio mkononi, inapaa vizuri hapo Tanga, ila ikifika upande upepo unakotoka, nyaya zinalegea na inakujia kichwani. Mota sidhani ina kosa.

Ikiwa unaizungusha kinyume cha saa, bawa la nje, lililo mbali nawe, ni la kulia. Bandika uzito mdogo kwenye ncha yake, pinda usukani wa mkia kidogo kulia, na mota nayo itazame nje kidogo. Kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inapokaa sawa ukiiinua, kisipite nyuma ya robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele; kikirudi nyuma ndege inakuwa na kiherehere, hata mkono mzoefu hauiwezi.

Jaribu asubuhi, kusi haijachachamaa. Msaidizi aiachie ndege ikiwa upande upepo unakoelekea, wewe upepo ukupige mgongoni.

Kabla ya hapo, vuta nyaya na mshikio kwa nguvu ya mara 10 ya uzito wa ndege, na ufunge kamba ya mshikio kwenye kifundo cha mkono. Nguzo za umeme zikiwa jirani, hama kabisa: nyaya za ndege yako ni chuma, zikigusa za umeme zitakuua. Betri ikivimba, usiichaji tena; muulize fundi wa elektroniki namna ya kuitupa.