Kiwango kipya kikitoka, hangaika kwanza na cha zamani

Mwaka wangu wa tatu kwenye maabara ya kiwanda cha mabomba ya plastiki hapa Dar, mteja alitukatalia mzigo wa lori mbili, na mabomba yenyewe wala hayakuwa na shida. Mkaguzi wake alikuja maabara akaomba aone kiwango tulichopimia, yaani ule waraka wa vipimo na masharti ya ubora, fundi wetu, mzee mmoja makini sana, akamtolea fotokopi ya ISO 4427, kiwango cha kimataifa cha mabomba ya plastiki ya maji, toleo la mwaka 2007, imejaa hesabu zake za kalamu pembeni, wakati mkataba unasema toleo la 2019 na cheti tulichopeleka kimeandikwa 2019. Niliumia mno. Maana toleo jipya tulikuwa nalo, lilikuwa kwenye kompyuta yangu mimi, na nilishawatumia watu wote kwenye grupu la WhatsApp nikajua kazi imeisha.

Tangu siku hiyo ndo nikaelewa kutoa kiwango kipya ni kazi nyepesi, kazi nzito ni kukitoa cha zamani mikononi mwa watu. Fotokopi iko mezani, iko kwenye droo, iko kwenye fleshi ya kijana aliyeacha kazi, iko kwenye fomu za kupimia ambazo mtu alinakili vipimo miaka kumi iliyopita na hakuna anayekumbuka vilitoka wapi. Hizo fomu ndo hatari kuliko vyote jamani, anzeni nazo.

Sasa mimi nafanyaje. Kila kiwango nakiandikia tarehe tatu, siku kilipotoka, siku sisi tunaanza kukitumia, na siku cha zamani kinakufa, kwa sababu hizo siku mara nyingi hazilingani. Wa Dar mnakumbuka 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya tv ilipozimwa, ving'amuzi vilikuwa vinauzwa kabla ya hapo na kwa muda mifumo yote miwili ilikuwa hewani, ila ilipofika siku yenyewe asiye na king'amuzi akabaki na chenga tu. ISO 9001:2015, ya usimamizi wa ubora, nayo ilitoka Septemba 2015, wenye cheti cha toleo la 2008 wakapewa miaka mitatu kuhama. Na tarehe zinaweza kusogea, wale wa OHSAS 18001, kiwango cha zamani cha usalama na afya kazini, kuhamia ISO 45001 mwisho ulikuwa Machi 2021 ukasogezwa mpaka Septemba kwa ajili ya korona, kwa hiyo usiandike mara moja ukasahau. Mimi kila robo mwaka naenda au napiga simu TBS, Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo kuuliza vya kwetu vyenye alama ya TZS, na vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, nacheki kwenye tovuti yao, wao kila kiwango wanakipitia angalau kila miaka 5, wanaamua kibaki, kirekebishwe au kifutwe. Rasimu ikitolewa kwa maoni isome hapo hapo, usisubiri ichapishwe ndo ugundue mashine yako haifiki kipimo.

Halafu kingine, usichome cha zamani. Bosi wangu alitaka tuchane kila kitu kwa hasira ya yale malori na nilibishana naye kwa kweli. Bomba la namna hii linapigiwa hesabu ya kukaa ardhini miaka 50, sasa likipasuka leo bomba la mwaka 2010 utalihukumu kwa kiwango ambacho kilikuwa hakijaandikwa? Tunabakiza nakala moja tu, muhuri mwekundu IMEFUTWA kila ukurasa, iko kabatini na ufunguo ninao mimi.

Na kwenye tenda someni vizuri namba. Kiwango kikitajwa na mwaka, basi ni toleo la mwaka huo hata kama limefutwa, kikitajwa bila mwaka ni toleo la sasa. Ukiona wametaja lililofutwa usijibadilishie kimya kimya, waandikie barua uulize kabla hujaweka bei, wengi walinakili tu tenda ya zamani na wanarekebisha bila ugomvi.

Yule mzee fundi nilimfuata mwenyewe na toleo jipya mkononi, tukakaa mchana mzima tukihamisha hesabu zake za pembeni moja moja, zile zinazofaa. Fotokopi yake akanikabidhi mwenyewe nikaigonga muhuri.