Barua za matangazo kwa wageni zinaishia kwenye spamu, nifanyeje?

Swali: Habari za kazi, ndugu mtaalamu. Nina nyumba ya wageni Kilwa Masoko. Wageni wangu wengi wanatoka Ulaya na Dar es Salaam, wanakuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Nimekusanya anwani za baruapepe 420 kutoka kitabu cha wageni na kwa waliolipia chumba mtandaoni. Mwezi uliopita niliwatumia wote tangazo la msimu wa kiangazi kwa Gmail yangu, nikawaweka kwenye BCC. Barua 60 zilirudi, na wageni ninaowafahamu wanasema waliikuta kwenye spamu. Nikilipia huduma ya kutuma barua nyingi kwa pamoja, tatizo litaisha?

Jibu: Dada, huduma hiyo utaihitaji, lakini usiipakie orodha hiyo kama ilivyo. Barua 60 kurudi kati ya 420 ni zaidi ya asilimia 14, na kampuni za kutuma barua humfungia mteja kwa kiwango kidogo zaidi ya hapo. Shida yako ya kwanza ni hao watu 420: wangapi kati yao waliomba kuandikiwa?

Anza kuwachambua leo. Mgeni aliyeandika anwani kwenye kitabu cha mapokezi aliiandika ili asajiliwe, hakuomba matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa itumike kwa kusudi ambalo mwenyewe aliambiwa. Kwa wageni wa Ulaya kuna GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, nayo haina mzaha. Kwa hiyo majina ya kitabuni yaache kitabuni. Anwani zinazoishia na guest.booking.com zifute zote: hizo ni za muda, hutengenezwa kwa ajili ya chumba kimoja tu, na nadhani sehemu kubwa ya zilizorudi ni hizo. Watakaobaki ni wale waliokuandikia wenyewe. Hao waandikie mmoja mmoja, wachache kwa siku, uwaulize kama wangependa kupata habari zako. Asiyejibu usimrudie. Ukibaki na watu 70, hao 70 ndio orodha yako.

Sasa upande wa kutuma. Gmail ya bure ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, lakini hilo ni dogo. Ukitumia huduma ya nje huku jina la mtumaji likibaki la gmail.com, seva za wapokeaji zitaona barua inayodai kutoka Google ilhali haikutoka huko, na zitaitilia shaka. Sajili jina lako la .co.tz kupitia wakala aliyeidhinishwa, ufungue anwani kama habari@jinalako.co.tz. Kisha kwenye mipangilio ya DNS, yaani orodha ya maelekezo ya jina lako la mtandao, weka rekodi tatu: SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM, ambayo ni saini ya kila barua, na DMARC, inayoeleza barua isiyopita ukaguzi ifanywe nini. Kwa DMARC anza na v=DMARC1; p=none, yaani barua isiyopita isizuiwe kwanza. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai zote tatu kwa wanaotuma barua nyingi, na hata mtumaji mdogo hapiti vizuri bila hata moja.

Makosa mawili hujirudia sana hapa. La kwanza ni kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya kampuni inayohifadhi tovuti na nyingine ya huduma ya barua. Zikiwa mbili, ukaguzi wa SPF unafeli. Ziunganishe ziwe mstari mmoja. La pili ni kunakili jina zima la rekodi ya DKIM wakati paneli ya mipangilio ya DNS yenyewe huongeza jina la tovuti mwishoni, ukapata jinalako.co.tz mara mbili. Baada ya kuweka, subiri hadi saa 48, jitumie barua kwenye Gmail, fungua barua asilia kupitia vidoti vitatu, na uone neno PASS mbele ya zote tatu. Usitume kwa mtu mwingine kabla ya hapo.

Kukusanya wapya si kazi. Weka kadi mezani, pale mgeni anaposubiri boti ya Kisiwani, yenye msimbo wa QR na sentensi moja ya wazi: atapata nini, mara ngapi kwa mwaka. Fomu iombe jina la kwanza na anwani tu, na kisanduku cha kukubali kisiwe kimetikiwa tayari. Washa uthibitisho, yaani mgeni anapokea barua yenye kiungo cha kubonyeza, asiyebonyeza haingii. Hiyo inakuondolea wote walioandika gmail.con au gmial.com. Tarehe na maneno aliyoyakubali vihifadhiwe. Wageni wa Dar es Salaam, kwa kweli, wengi watakujibu haraka zaidi kwa WhatsApp.

Barua yenyewe iwe nyepesi. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi KB 102, na kinachofichwa ni sehemu ya chini, penye kiungo cha kujiondoa. Mtu asipokiona hubonyeza kitufe cha spamu, na hapo ndipo unapoumia: Google wanataka malalamiko yasifike asilimia 0.3, na kwenye orodha ya watu 300 lalamiko moja tu tayari ni 0.33. Kiungo hicho kiweke hata juu kama unaweza.

Baada ya kila kutuma, angalia zilizorudi. Namba inayoanza na 5, kwa mfano 550, maana yake anwani haipo au imekataa: ondoa papo hapo. Inayoanza na 4 ni ya muda, labda sanduku limejaa. Ikijirudia mara tatu mfululizo, ondoa. Idadi ya waliofungua usiiamini sana, maana tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha kabla mtu hajasoma. Hesabu waliobonyeza kiungo na waliokujibu.

Jambo moja litenganishe kabisa: habari za wenye chumba tayari. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi Mei 2024, mgeni aliye njiani alihitaji kuambiwa awe amejiandikisha au la. Taarifa hiyo itume kwa wenye chumba peke yao, bila hata sentensi moja ya tangazo.