Mandibula ni taya la chini lote, si kidevu peke yake

Mkuu, umeuliza kama "mandibula" iliyoandikwa kwenye majibu yako ya eksirei ni kidevu au ni kiungo cha taya. Ni mfupa mzima wa taya la chini. Unaanzia mbele ya sikio moja, unashuka mpaka kwenye kona ya taya, unazunguka kidevuni, kisha unapanda hadi sikio la pili. Taya la juu ni maksila, mfupa mwingine kabisa.

Neno hilo peke yake halikwambii mengi, soma lililoandikwa mbele yake. Mimi nilivunjwa taya kwa kiwiko uwanjani, tukigombea mpira wa kichwa. Nilipigwa kushoto, lakini ripoti ikataja mivunjiko miwili: kona ya kushoto na mwili wa mandibula kulia. Nilidhani wamechanganya picha. Daktari akaniambia mfupa huu una tabia ya bangili: ukipasuka hapa, mara nyingi hupasuka na kwingine, ndiyo maana wakiona ufa mmoja lazima wautafute wa pili.

"Mwili" ni sehemu ya mlalo inayobeba meno. "Ramusi" ni ile inayopanda nyuma ya magego. "Kondili" ni kichwa chake kinachoingia kwenye kiungo. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, ufungue na kufunga mdomo taratibu, utakisikia kikiteleza. Kondili ikivunjika, mtu anaweza kufunga mdomo meno yasikutane kama zamani. Hiyo dalili usiipuuze hata kama maumivu ni madogo.

Halafu kuna ganzi. Ndani ya mfupa huu unapita mshipa wa fahamu unaotokeza nje karibu na kidevu na kwenda mdomo wa chini. Wangu uliguswa, nikawa nakunywa maji yanachuruzika kidevuni bila habari.

(Ukikuta mandibula kwenye habari za wadudu, huko ni jozi ya taya za kung'atia zinazofunguka kwa pembeni, wala si mfupa.)

Kama nawe mdomo wa chini umekufa ganzi, mwambie daktari kabla hujaingia upasuaji, na uhakikishe ameiandika kwenye faili. Ikibaki baada ya hapo, itajulikana ilianza lini.