Kumuuliza mshauri wa fedha habari zake binafsi: mimi niliuliza, na hivi ndivyo ilivyokuwa

Dada uliyeleta uzi, umeuliza kama ni utovu wa adabu kumchimba mshauri wa fedha kuhusu maisha yake kabla ya kumkabidhi akiba yako, hasa kwa vile huyu umeletewa na shangazi yako anayesali naye. Wengi waliotangulia wamekujibu kwamba leseni inatosha, mengine hayakuhusu. Mimi natofautiana nao, tena sana.

Ndugu zangu walinipa kazi ya kutafuta mtu wa kutushauri juu ya fedha alizoacha mama. Zile hazikuwa hela zangu peke yangu, kwa hiyo nilijipa ruhusa ya kuuliza chochote kinachogusa fedha. Leseni nilianza nayo, ndiyo, lakini sikuipokea mkononi mwa mtu. Nakala iliyobandikwa ukutani haithibitishi kitu. Chukua jina lake kamili na namba ya leseni, mtafute mdhibiti, yaani mamlaka inayotoa leseni hizo, wewe mwenyewe kwa njia zako, uulize kama bado ni hai na inamruhusu kufanya nini. Wapo wenye leseni halali ya kuuza bima tu, na hapo hapo wanakushauri juu ya hisa.

Hao wanaosema maisha yake hayakuhusu waangalie Marekani. Kule kuna rejista inaitwa BrokerCheck, bure kwa kila mtu. Ukiandika jina la dalali wa hisa unaona alikofanya kazi, malalamiko ya wateja, adhabu alizopewa, na hata kama yeye mwenyewe aliwahi kutangazwa kufilisika. Wenye kusimamia soko waliona kwamba madeni ya mtu anayeshika fedha za wengine si siri yake peke yake. Mtu aliyebanwa na madeni ana kishawishi cha kukuuzia kile chenye kamisheni nene.

Sasa nije kwenye maswali yenyewe. Lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili: "Wewe mwenyewe akiba yako umeiweka wapi?" Mshauri mmoja alinyamaza kidogo, akavuta karatasi, akaanza kuchora. Hili fungu liko kwenye hati fungani za serikali, hili ni la ada za watoto, hapa kuna mkopo wa nyumba ninaoendelea kulipa. Kisha akaniambia mfuko wa uwekezaji aliokuwa akitupendekezea yeye hana hata senti ndani yake, kwa sababu anahitaji fedha zake mapema kuliko sisi, akaeleza tofauti hiyo hadi nikaelewa. Hakunitajia kiasi, wala sikukihitaji.

Mwingine nilipomuuliza swali lile lile alinifungulia simu akanionyesha picha za familia. Alikuwa mchangamfu, akanisimulia alivyolelewa na namna imani yake inavyomwongoza. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikatambua kwamba najua watoto wake wako darasa gani, lakini sijui analipwa na nani. Simwiti tapeli, huenda ni mtu mwema kabisa. Ila aliyonieleza hayakuwa na uzito wowote kwenye uamuzi niliotakiwa kufanya, na nilitoka pale nikimpenda.

Hapo ndipo penye hatari, dada. Bernard Madoff, tapeli wa Marekani aliyekula fedha za wawekezaji na kukamatwa Desemba 2008, aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la Nasdaq. Alifahamika kama mtu wa familia na mfadhili wa misaada, na wengi waliompa fedha waliletwa na marafiki na watu wa jamii yake. Wanawe ndio waliotoa taarifa baada ya yeye kukiri mbele yao, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 150. Ungemchunguza tabia usingeona kitu. Dalili zilikuwa kwingine: fedha za wateja zilikaa mikononi mwake badala ya kwa mtunzaji huru, yaani benki au taasisi nyingine inayoshika mali za wateja, taarifa za akaunti zilitoka ofisini kwake mwenyewe, na mkaguzi wa hesabu za shughuli kubwa namna ile alikuwa kiofisi kidogo sana.

Kuhusu malipo, ni vizuri kujua kwa nini nakazania. Chukua 10,000 za fedha yoyote, zikue kwa asilimia 7 kwa mwaka kwa miaka 30: zinafika takriban 76,000. Ada ikila asilimia 1 kila mwaka, zikabaki kukua kwa asilimia 6, unaishia na kama 57,000. Muulize basi: nakulipa mimi, au unalipwa na kampuni ambayo bidhaa yake unaniletea? Akijibu kwa kuzunguka, rudia swali.

Muulize pia kwa nini alihama kila alikofanya kazi, na akiugua ghafla nani atashika faili lako. Ndoa yake, dini yake na kabila lake viache. Havikusaidii kwa lolote. Na kama unaona aibu kuuliza, kumbuka kwamba yeye atakuuliza madeni yako, wanaokutegemea, hata wosia wako. Asipouliza hayo, hawezi kukushauri.

Sisi tulimchukua yule wa karatasi. Fedha zinakaa kwa mtunzaji asiye na uhusiano naye, na taarifa zinatufikia ndugu wote moja kwa moja bila kupitia kwake.

Kwa upande wako, kabla hujaenda kwa huyo bwana, kaa na shangazi umwombe akuonyeshe taarifa ya mwisho aliyopokea. Angalia imetoka kwa nani. Akikwambia kwamba aliwahi kutoa fedha na akalipwa vizuri, hilo peke yake lisikutulize, maana kwenye utapeli wa Ponzi walioingia mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaoingia baadaye. Kama karatasi zote zimetoka kwa mshauri mwenyewe, usiweke chako, na umsaidie shangazi kuuliza za kwake ziko wapi.