Maswali na majibu ya bonsai: Junipa haikai sebuleni

Masika yameondoka, Tanga imeanza kupoa, na ujumbe wenu kuhusu bonsai, yaani miti inayokuzwa ikiwa midogo ndani ya vyungu, umemiminika. Nimechagua machache. Mnaouliza bei ya miche, hapa sipo kwa biashara hiyo.

Shikamoo mzee. Nililetewa zawadi ya bonsai ya junipa. Nimeiweka sebuleni juu ya kabati la televisheni, naimwagilia kila Ijumaa. Wiki hii imekuwa kahawia na majani yakiguswa yanapukutika. Nikiitia mbolea itarudi? (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Haitarudi. Mti huo umekufa, tena haukufa wiki hii. Junipa, jamaa wa misaipresi, hufa kimyakimya. Mizizi ikishaoza au kukauka, majani hubaki ya kijani kwa wiki nyingi, kama ua lililokatwa na kutiwa kwenye chupa ya maji. Ukiona kahawia mti mzima, msiba ni wa zamani. Ukitaka kuhakikisha, kwarua gome la shina kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na pana unyevu, uhai upo. Pakiwa pakavu na hudhurungi, basi. Mbolea usiitie, mti usio na mizizi hauna kinywa cha kuilia.

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado linakuja. Junipa ni mti wa nje. Si wa sebuleni, si wa ofisini, si wa kaunta ya hoteli. Unataka jua lenyewe, unataka upepo, unataka umande wa usiku. Mwanga unaokutosha wewe kusomea gazeti hauutoshi mti huu kujilisha. Hapa kwetu mpe jua la asubuhi mpaka saa tano, kisha kivuli chepesi, kwa sababu jua la mchana la Tanga linachemsha chungu kidogo mpaka mizizi ya pembeni inaiva.

Halafu tazama juu ya udongo wa hiyo zawadi. Kama kokoto zimegundishwa, maji yako ya Ijumaa yalikuwa yanateleza juu ya gundi na kumwagikia kabatini. Geuza chungu uangalie kama kina tundu. Wako wanaouza miti hai namna hii, mawe yameshikana kama sementi na chini hakuna pa kutokea maji, na mnunuzi anaambiwa “haina kazi, iweke popote”. Huo ni udhalimu kwa mti na kwa mnunuzi. Ukikuta mti kama huo dukani, ukinunua, ng'oa zile kokoto kwa bisibisi siku hiyo hiyo.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki? (Wengi)

Mti haujui wiki. Chomeka kijiti cha mshikaki udongoni hadi katikati, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka na unyevu, subiri. Kikianza kutoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatiririke chini. Na kama kisima chenu kina chumvi, kinga maji ya mvua.

Mzee, nimepanda junipa kwenye udongo mwekundu wa shambani uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, chini nikaweka kokoto ili maji yashuke. Udongo huu unatuzalishia machungwa vizuri tu, lakini mti umedumaa. (Msomaji, Muheza)

Mchungwa wako una ardhi nzima chini yake ya kunyonya maji. Chungu cha bonsai kina kina cha vidole vitatu. Udongo ule ule uliobarikiwa shambani, ukiutia kwenye chungu kifupi na kuumwagilia miezi miwili, unashikana kama udongo wa mfinyanzi. Hewa haipiti. Mizizi ya junipa inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na ikikosa hewa inaoza.

Hizo kokoto za chini nazo zitoe. Watu wengi wanaamini zinashusha maji, na kumbe kinyume chake. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe makubwa. Yanasimama pale juu ya mawe, na sehemu ile yenye tope inapanda karibu zaidi na mizizi. Chungu kizima kijazwe mchanganyiko mmoja.

Mimi natumia vikombe vitatu vya tofali la kuchoma lililopondwa, viwili vya changarawe ya mto, kimoja cha mkaa. Tofali lijaribu kwanza: loweka kipande usiku kucha, asubuhi ukikifinya kikavurugika, halikuiva, litupe. Ponda kwa nyundo ndani ya gunia ili vipande visikurukie machoni. Chekecha mara mbili. Mara ya kwanza toa vinavyozidi punje ya hindi. Mara ya pili tumia wavu wa mbu wa dirishani, vumbi lote lipite chini. Unachokitaka ni kilichobaki katikati, milimita 2 hadi 6 hivi. Kioshe mpaka maji yatoke meupe. Vumbi usilionee huruma, ndilo linaloua. Mwenye ndugu Arusha amwombe yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yanafaa kuliko tofali. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, na vipande vya makombe ndani yake ni chokaa.

Kupanda kwenyewe kunataka utulivu. Funika tundu la chungu kwa kipande cha wavu. Pitisha waya kwenye tundu kutoka chini, kwa sababu mti utafungwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mti usiofungwa unatikiswa na kusi, na kila ukitikisika vile vizizi vipya vyeupe, vyembamba kama uzi, vinakatika. Mwezi mzima vinaota na kukatika. Kwa hiyo weka mti, zungushia waya juu ya bonge la mizizi, kaza kwa plaizi mpaka ukilishika shina, chungu kinyanyuke pamoja nalo. Kisha mimina udongo na uchokoechokoe kwa kijiti ili uingie kila pembe. Usishindilie kwa ngumi.

Mizizi ya junipa usiioshe yote ikabaki uchi. Punguza theluthi moja, na udongo wa zamani uache kidogo katikati, kwa kuwa una kuvu mwema anayeishi na mizizi hiyo na kuisaidia kula. Uliobaki utautoa safari ijayo, baada ya miaka miwili au mitatu. Kazi hii ifanye Juni au Julai, na baada yake uweke mti kivulini, mbali na upepo, wiki tatu.

Nimenunua junipa ya miaka mitatu. Nilifuata video ya Mjapani mmoja: nikakata matawi ya chini, nikasafisha ya katikati nikaacha vishada nchani, nikafunga waya, nikahamishia kwenye chungu cha bonsai. Vyote Jumapili moja. Sasa inatoa miiba badala ya yale majani laini. Ni ugonjwa? (Msomaji, Raskazone)

Si ugonjwa, ni mti unaolalamika. Junipa ya aina ya shimpaku iliyokomaa ina majani ya magamba, laini. Ikikatwa kupita kiasi inarudi utotoni na kutoa majani ya sindano. Yatachukua mwaka au zaidi kulainika tena, iwapo utauacha utulie.

Kaka, Mjapani wa video alikuwa na mti wenye afya uliotunzwa miaka mingi kwa ajili ya siku ile moja, na kwao kuna baridi inayoupumzisha. Wewe una mche wa miaka mitatu na joto la Raskazone. Kukata ni jeraha. Waya ni jeraha. Kubadilisha chungu ni jeraha. Mti ukipewa jeraha moja kwa msimu, unapona. Ukipewa matatu Jumapili moja, una bahati kuuona bado unapumua.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo halifutiki. Junipa haichipui kwenye tawi lisilo na kijani. Mkwaju ukiukata kigutu unatoa machipukizi, mbogenvilia vilevile, lakini junipa ukilivua tawi majani yote, tawi limekufa. Nguvu yake imo kwenye majani, haikuwekwa akiba shinani. Vile vishada ulivyoacha nchani vitasogea mbali na shina kila mwaka, na huna tena pa kuvirudishia. Kila tawi unalotaka libaki, acha kijani karibu na shina. Usitoe zaidi ya theluthi ya majani kwa mara moja. Anza na yanayoning'inia chini ya tawi na yaliyobanana kwenye maungio, hapo tu umbo litaanza kuonekana. Ncha usizinyofoe kwa kucha, zinaungua na kuwa kahawia. Ingiza ncha ya mkasi ndani ya kishada, ukate kikonyo bila kugusa majani yaliyobaki.

Matawi ya chini uliyoyakata, kama umeacha vigutu, usiviondoe. Vimenye gome, vichane kwa plaizi kufuata nyuzi za mti, viwe ukuni mkavu mweupe. Wajapani wanaita jin, na junipa ndiyo mti wake hasa, kwa kuwa milimani inakaa hivyo hivyo, nusu hai nusu imekauka.

Waya wa bonsai Tanga haupo. Nitumie nini?

Nenda kwa fundi umeme, muombe mabaki ya waya wa shaba wa nyumba, wa milimita za mraba 1.5 na 2.5, ule wa uzi mmoja. Vua plastiki. Uweke kwenye makaa mpaka uive mwekundu, uache upoe. Utalainika kama kamba. Ukishaukunja kwenye tawi unakuwa mgumu wenyewe. Unene wake uwe theluthi ya unene wa tawi. Zungusha mara mbili shinani kwanza ili ushike, kisha panda na tawi kwa mshazari, mizunguko isigusane wala isiache nafasi kubwa. Unapopinda, weka vidole gumba upande wa ndani wa pindo na vidole vingine vishike nje, uende polepole, usikilize. Ukisikia mlio mdogo kama kijiti cha kiberiti, acha hapo hapo. Baada ya miezi miwili kagua kila wiki. Waya ukianza kuzama kwenye gome, ukate vipande vipande, usiuzungushe kuutoa.

Majani yamepauka, kama yamemwagiwa vumbi. (Msomaji, Pongwe)

Utitiri. Weka karatasi nyeupe chini, gonga tawi, tazama nukta zinazotembea. Nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani, kila baada ya siku tatu, kwa muda wa wiki mbili. Mafuta ya taa usitie, tafadhali.

Nataka bonsai ndogo kabisa. Nimepanda mche wa junipa kwenye finjani ya kahawa ya marehemu bibi. Shina litanenepa lini?

Halitanenepa. Shina hunenepa mti ukiwa ardhini au kwenye ndoo, ukiachwa kukua ovyo miaka kadhaa. Ndipo unapunguzwa na kuingizwa kwenye chungu kidogo. Ukianza na finjani, miaka kumi ijayo utakuwa na kijiti kile kile. Hizi ndogo kabisa, za sentimita 10 kushuka, ni kazi ya mwisho ya fundi, ingawa wengi wanadhani ndizo za kuanzia. Na wakati wa kaskazi finjani inakauka kati ya asubuhi na adhuhuri. Anayezimudu huzika vyungu hivyo nusu kwenye trei ya mchanga mbichi.

Finjani ya bibi iokoe, iweke kabatini. Ukiitoboa bila uzoefu itapasuka.

Shikamoo. Huku Lushoto tuna mwangati, na nimesikia ni junipa. Naweza kuchimba midogo msitu wa Magamba? (Msomaji, Lushoto)

Marahaba. Ni junipa kweli, Juniperus procera, na katika jamaa yake yote ndiyo pekee iliyovuka ikweta kwa asili. Watu wanalipa pesa kutafuta shimpaku kutoka ng'ambo ilhali Usambara ina wake, unaofika mita 30 na kupita, ambao mbao zake zilichongewa penseli. Hilo linaniuma.

Lakini kuchimba Magamba, hapana. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia, na kuchukua mti bila kibali ni kosa la jinai. Hata ungeruhusiwa, mche wa msituni una mizizi mirefu iliyokwenda mbali. Utang'oa shina na kuacha mizizi. Nunua miche kwenye vitalu vya huko, ni ya bei ndogo, na pata kadhaa kwa sababu mingine itakufa mikononi mwako ukijifunza. Nawe una bahati ya hali ya hewa. Junipa inapenda usiku wa baridi, na Lushoto unao. Sisi wa mjini Tanga hata Julai usiku una nyuzi 20 hivi. Inaishi, ila inaishi kwa kubembelezwa.

Basi sisi wa pwani tuache? (Msomaji, Makorora)

Mwenye junipa inayoendelea vizuri asiiache. Anayeanza leo, nitamwambia apande mvinje. Umeuona ufukweni maisha yako yote: vijiti vyake vya kijani vyembamba kama sindano, gome lenye mikunjo hata mti ukiwa mdogo, na chumvi ya bahari haiusumbui. Ukifungwa waya na kupogolewa kwa subira, mgeni atadhani ni msonobari. Tafuta miche iliyojiotea karibu na mti mkubwa kwenye kiwanja cha mtu, omba ruhusa, chimba wakati wa mvua. Chukua na kiganja cha udongo wa pale pale, kwa sababu mizizi ya mvinje ina vinundu vyenye bakteria vinavyoulisha naitrojeni, na udongo ule una mbegu yao. Ila tofauti na junipa, mvinje hauvumilii kukauka. Kaskazi ikianza, chini ya chungu weka sahani ya maji, na uitazame asubuhi na jioni.