Ndiyo, wazee tunaowatunza wana bakteria sugu

Binamu kauliza kwenye kundi la familia: ni kweli huko ughaibuni mnaogesha wazee wenye bakteria wasiosikia dawa, na mkija likizo si mtatuletea? Wengine mmecheka, lakini swali ni la haki. Nalijibu bila kupamba.

Ni kweli, na kwenye nyumba za kutunzia wazee bakteria hao wamejaa. MRSA, bakteria mmoja sugu kwa antibiotiki nyingi, hupenda pua na ngozi, wenzake hukaa utumboni. Mzee anaweza kuwa nao miezi, hata zaidi ya mwaka, na haumwi chochote. Anakula, anatania, anagombania rimoti. Wanamganda kwa sababu ana mpira wa mkojo au kidonda cha kulalia kisichofunga, ametumia antibiotiki mara nyingi, na huingia na kutoka hospitali. Kumwogesha kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi) na kumpaka mupirosini (antibiotiki ya kupaka) puani kunasaidia, ila mara nyingi wanarudi.

Kinachonichosha hasa ni mkojo. Ukinuka tu, mwanawe anapiga simu kudai dawa. Mtu aliyekaa na mpira muda mrefu, karibu lazima mkojo wake uwe na bakteria. Kama hana homa wala maumivu wala dalili nyingine, antibiotiki haimsaidii, inazidisha usugu tu. Nesi anaeleza, familia inanuna.

Nikimpelekea chai mzee wa namna hiyo sivai chochote cha ajabu; pale ni kwake, hatumfungii kama mfungwa. Kumwogesha, kumbadilisha nepi, kumhamishia kwenye kiti, hapo navaa gauni na glavu, nazivua kabla ya kutoka chumbani, nanawa. Akiwa anaharishwa na C. difficile, bakteria wa utumboni, jeli ya alkoholi haifui dafu, ni sabuni na maji.

Je, nitawaletea? Naweza kuwa nao bila kuugua, sikatai. Mwenye afya njema ni nadra wamdhuru. Kwa mgonjwa mwenye kidonda nitanawa kwanza ndipo nimguse, kama ninavyofanya kazini.

Hatari kubwa ni mikono inayotoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa, na hilo hutokea zaidi zamu ikiwa na watu wachache. Mawakala wa ajira hawalisemi. Kwa hiyo binamu, kama nawe unawaza kazi hii, kabla hujauliza mshahara, uliza usiku mhudumu mmoja anaachiwa wazee wangapi. Wakizungukazunguka kujibu, hapo usisaini.