Tumemfichia baba redio ili asiisikilize Simba, sasa haongei

*Shikamoo Mama. Baba yetu ana miaka 74, mstaafu, naishi naye Morogoro tangu mama afariki. Ni Simba kindakindaki. Mei 2025, siku Simba ilipotoka 1-1 na RS Berkane ya Morocco katika marudiano ya fainali pale Amaan, Zanzibar, na kulikosa Kombe la Shirikisho Afrika, presha ilimpanda akalazwa. Watoto wote tukakubaliana: mpira basi. Tumeacha kulipia king'amuzi, redio nimeificha kabatini, na jirani yetu, mzee wa Yanga aliyezoea kuja kutaniana naye, nimemwomba asije tena. Sasa baba haongei, chakula anakigusa tu. Juzi usiku nimemkuta anashuka kwenye bodaboda, katoka kibanda umiza. Ananiomba nimpeleke Dar kwenye mechi ya watani, Simba na Yanga. Kaka yangu anasema mtu mzima kuwalilia vijana wasiomjua ni utoto. Je, tumekosea?*
*Binti wa Mnyama, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na poleni. Hofu yenu ni ya haki. Dawa mliyoichagua ndiyo mbaya.

Naanza na hofu, ili kaka yako asidhani naipuuza. Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, watafiti wa Munich waliwahesabu wagonjwa waliopatwa na dharura za moyo katika eneo lao. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilikuwa uwanjani, idadi yao ilifika mara 2.66 ya siku za kawaida, na saa mbili za kwanza tangu mpira uanze ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Waliokuwa na maradhi ya moyo tangu zamani waliathirika zaidi. Kwa hiyo mkisema mpira unaweza kumlaza mzee, hamsemi uongo.

Ila tazameni mlichovuna. Mechi haijaondoka katika maisha ya baba. Mmeihamishia kibanda umiza, usiku, penye joto na kelele na watu wanaosukumana, halafu arudi kwa bodaboda. Angekuwa sebuleni ungeona uso unambadilika, ungempa maji, ungeita gari. Kule, katikati ya vijana walioinua macho kwenye skrini, nani angemwona?

Sasa kaka yako na "vijana wasiomjua". Baba yenu amezaliwa timu hiyo ikiitwa Sunderland. Ilipochukua jina la Simba, 1971, yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini. Julai 1977 Simba ikaichapa Yanga 6-0, matatu kayafunga Abdallah Kibadeni peke yake. Mwulizeni baba siku ile alikuwa wapi, na nani, na redio ilikuwa ya nani. Atawajibu, na hamtapata majina ya wachezaji tu. Mtapata rafiki zake, chumba alichopanga, kazi yake ya kwanza, pengine na mama yenu kabla hajawa mama yenu. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers wa Zambia walikuja Dar wakaifunga Simba 4-0. Watu wakaona basi tena. Simba ikaenda kwao ikashinda 5-0! Mtu aliyeyaishi hayo hawezi kuinuka kitini timu ikiwa nyuma, maana ameshaona kwa macho ya moyo wake kwamba inawezekana. Halafu ikaja 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba ikafungwa 2-0 na Stella Abidjan papa hapa Dar. Kutoka siku hiyo hadi Berkane ni miaka 32. Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika, walitolewa na Simba kwa penalti 2003, na hiyo ilimpa nguvu ya kusubiri, lakini fainali nyingine ya Afrika hakuiona mpaka akafika uzeeni. Ndipo mnapoambiwa mzee kalia kwa sababu ya vijana fulani. Wachezaji hupita, yeye amebaki palepale zaidi ya nusu karne, na wengi waliosubiri naye wameshazikwa. Hakuna utoto hapo. Mimi naona uaminifu ambao ningependa kila mtoto awe nao kwa kitu chochote kile.

Linaloniumiza zaidi katika barua yako, hata hivyo, ni jirani. Umeliandika kwa sentensi moja ukapita. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, zote za Kariakoo, na utani wao umezaa urafiki mwingi katika nchi hii kuliko ugomvi. Mtani ndiye anayekuja asubuhi ukiwa umefungwa. Novemba 2023, Yanga iliposhinda 5-1, sina shaka mzee yule aliingia kwenu ameinua vidole vitano kabla hata ya salamu, na baba akamfukuza, na chai wakainywa pamoja. Mjane wa kiume wa miaka 74 ana watu wangapi wanaomwita kwa jina lake la ujana? Mama ameondoka. Ukamwondolea na mtani. Mimi nikisoma kwamba haongei, sishangai hata kidogo, maana aliyekuwa anaongea naye amezuiwa mlangoni.

Nenda kwake. Usipige simu, nenda kwa miguu yako, mwamkie, mwombe radhi, mwambie baba anamhitaji. Kisha mwombe jambo moja: Simba ikifungwa, vidole visubiri kesho yake. Wazee wanajua mipaka ya utani kuliko sisi, atakuelewa. Kaka yako naye, kama ni katika wale wanaotuma video za kejeli kwenye simu dakika ile filimbi inapopulizwa, aache.

Redio itoe kabatini leo, king'amuzi kilipiwe. Na kliniki nendeni pamoja na baba, aulize kwa mdomo wake. Msikae na daktari pembeni mkapanga maisha yake kama hayupo. Aulize dawa azinywe saa ngapi siku ya mechi, mechi kubwa aitazame mubashara au asubiri matokeo, presha ikisoma kiasi gani aondoke mbele ya televisheni. Akiyasikia kwa daktari atayashika, maana yatakuwa makubaliano yake mwenyewe. Mkifika kwenye penalti, mzee atoke nje akapunge upepo, mtamwita zikiisha. Wako mashabiki wengi wasio na ugonjwa wowote wanaofanya hivyo. Kifua kikibana, pumzi ikikata, jasho la ghafla likimtoka au mkono ukimuuma, ni hospitali wakati huohuo, hata kama Simba inaongoza na imebaki dakika moja.

Kuhusu Dar: mechi ya watani kwenye Uwanja wa Mkapa, hapana, hata daktari akiwa mpole. Watu wanaingia uwanjani saa nyingi kabla ya mpira, jua kali, milango imejaa, na uwanja unaochukua watu 60,000 hautoki kwa haraka mtu akizidiwa. Lakini usimnyime uwanja kabisa. Daktari akiruhusu, chagueni mechi ya kawaida ya ligi, mpande treni ya SGR ambayo toka Morogoro huchukua kama saa mbili tu, mkate tiketi za jukwaa lenye kivuli, mwingie mapema kidogo ili apande ngazi taratibu, dawa zake uzibebe wewe kwenye mkoba. Jezi avae ile ya zamani akitaka, usimnunulie mpya kwa lazima. Na mkishakaa, mwache asimulie.